Nyimbo Zikichangwa Kama Karata

Jumapili moja asubuhi nilikuwa uani nasugua viatu vya shule vya wanangu, simu nimeitumbukiza kwenye kikombe kikavu ili sauti ikue. Nikabonyeza Changanya, nikaendelea na kazi. Kikaingia kibao cha dansi cha miaka ya sabini, ila kilianzia katikati: magita yameshapamba moto, waimbaji wanaitikiana, hakuna salamu wala utangulizi. Kumbe ni sehemu ya pili ya wimbo. Kikaisha, ikaingia kaswida. Baada ya kaswida, benga la Kijaluo ambalo sielewi hata neno moja. Halafu Mjamaika mmoja akaanza kufoka. Jirani yangu, mama wa makamo aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta, alivumilia mpaka hapo. "Baba Salma," akaita, "hivi humo ndani mnaishi watu wangapi?"

Nilicheka, lakini swali lilinibaki kichwani siku nzima. Tumezoea kuambiana kwamba ukitaka kumjua mtu, chukua simu yake, changanya nyimbo zake, sikiliza kumi za mwanzo. Kijiweni huo ni mchezo kabisa, na mwenye simu hukaa roho juu, akiomba isije ikatoka ile moja. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila umefungwa kwenye furushi moja na vitu vingine viwili ambavyo si ladha hata kidogo. Kuna hesabu ya kuchanganya. Kuna lundo lenyewe, yaani namna nyimbo zilivyokufikia. Mwisho ndipo unapoingia wewe, na kidole chako. Anayesikiliza zile kumi za mwanzo anasikia vyote vitatu kwa pamoja, kisha anaviita ladha yako.

Tufungue furushi.

Dadu si karata

Neno "changanya" kwenye mashine linaweza kuwa na maana mbili, na wengi hatujui simu yetu inatumia ipi. Ya kwanza ni ya dadu. Kila wimbo ukiisha, mashine inarusha dadu lenye pande nyingi kama idadi ya nyimbo zako, na upande uliotokea ndio unaopigwa. Ya pili ni ya karata. Mashine inachanga deki nzima mara moja, kisha inafunua karata moja moja mpaka ziishe.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme una nyimbo 2,000, ambayo ni karibu na hesabu ya kadi yangu ya memori. Ukitumia dadu, utadhani marudio yatakuwa adimu, maana nyimbo ni nyingi. Sivyo. Ukishapiga nyimbo hamsini na kitu tu, uwezekano kwamba mmoja wao umeshajirudia unavuka nusu. Kwa dakika nne kila wimbo, hiyo ni saa tatu na nusu. Hesabu ni ileile ya siku za kuzaliwa: katika chumba cha watu 23 tu, ni rahisi zaidi kukuta wawili waliozaliwa tarehe moja kuliko kutowakuta, ingawa mwaka una siku 365. Kwa hiyo mtu aliyelalamika kwamba mashine yake "ina nyimbo zake inazozipenda" huenda alikuwa anasikiliza dadu likifanya kazi yake kwa uaminifu.

Karata ndiyo njia ya haki zaidi, na ina historia yake. Mwaka 1938 wanatakwimu wawili wa Uingereza, Ronald Fisher na Frank Yates, waliandika namna ya kuchanga orodha yoyote kwa karatasi na penseli ili kila mpangilio uwe na nafasi sawa ya kutokea. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiandika upya kwa ajili ya kompyuta. Fikiria karata 2,000 zimepangwa mstari mezani. Unachagua moja kwa nasibu kati ya zote na kuibadilishana nafasi na ile ya mwisho. Hiyo imeshakaa, huigusi tena. Unachagua nyingine kati ya 1,999 zilizobaki, unaibadilishana na ya mwisho kati ya hizo. Unaendelea hivyo hadi ibaki moja. Simu inamaliza kazi hiyo kabla hujanyanyua kidole kwenye kioo.

Na hapo ndipo malalamiko yanapoanza, kwa sababu haki hiyo haifanani na haki tunayoitarajia. Tuseme kati ya nyimbo zako 2,000, nyimbo 200 ni za bendi moja. Ukichanga vizuri na kusikiliza zote hadi mwisho, bendi hiyo itajifuata yenyewe, wimbo kwa wimbo bila kupisha mtu, wastani wa mara 20. Mara ishirini! Msikilizaji akisikia mbili zimefuatana, kisha baada ya muda mbili tena, anaapa kwamba mashine ina upendeleo. Upande wa pili nao uko hivyohivyo: ukisikiliza nyimbo 20 tu, kuna uwezekano kama mmoja kwa nane kwamba bendi hiyo, inayomiliki sehemu moja ya kumi ya lundo lako, haitatokea kabisa. Rafiki aliyekuchukulia simu asikie nyimbo kumi za mwanzo ndiyo kabisa hana alichokipima. Zaidi ya mara tatu katika kumi atakosa hata wimbo mmoja wa bendi uipendayo.

Tazama matone ya kwanza ya mvua yakianguka kwenye sakafu ya saruji. Hayajipangi kama vigae. Mahali pengine yanaangukia manne pamoja, pengine panabaki pakavu kama mkeka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa London waliamini kwamba mabomu ya Kijerumani ya V-1 yalikuwa yanalenga mitaa fulani na kuiacha mingine, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, alichapisha hesabu yake: aligawa eneo la kusini mwa jiji katika miraba 576 na kuhesabu mabomu 537 yaliyoangukia humo. Miraba 229 haikuguswa kabisa, na saba ilipigwa mara nne nne. Nasibu tupu, bila mlengaji yeyote, ilitabiri miraba mikavu karibu 227. Macho yetu hayaamini nasibu. Yakiona vitu vitatu pamoja huanza kumtafuta aliyevipanga.

Makampuni ya muziki yalipochoka kubishana na macho hayo, yaliamua kuyafurahisha. Mwaka 2005 Apple iliweka kwenye iTunes, programu yake ya kupigia muziki, kidhibiti cha kupunguza kufuatana kwa nyimbo za msanii mmoja, na Steve Jobs akaeleza jukwaani, kwa maana hiyo, kwamba walikuwa wanapunguza unasibu ili watu wahisi unasibu zaidi. Mwaka 2014 wahandisi wa Spotify, huduma ya muziki wa mtandaoni, nao walieleza hadharani kwamba walikuwa wakitumia njia ya Fisher na Yates, watu wakalalamika haina nasibu, wakaibadilisha: nyimbo za kila msanii zikawa zinatawanywa kwenye orodha kwa nafasi zinazokaribiana, na kuyumbishwa kidogo ili zisionekane zimepangwa. Mwaka 2023 wakaongeza aina nyingine ya kuchanganya inayochomeka katikati ya nyimbo zako nyimbo ambazo hukuziweka wewe.

Hiyo ya mwisho naihesabu kuwa kitu kingine kabisa. Ukimkabidhi mtu karata zako azichange, naye akachomeka za kwake mbili tatu, kijiweni kwetu hatungeiita kuchanga. Basi anayetaka kujitazama kwa njia hii atumie mafaili yake mwenyewe na programu ya kizamani isiyojifanya inamjua.

Lundo lina tabaka

Tuchukue kwamba karata zimechangwa kwa haki. Hata hivyo, kinachotoka ni sampuli ya lundo, na lundo halikuumbwa na ladha peke yake.

Langu nalijua asili yake. Tabaka la chini kabisa ni kanda za mama, ambazo kaka yangu alizihamishia kwenye kompyuta, zikaja na mikwaruzo yake na sehemu moja ambapo mtoto analia nyuma ya wimbo (huenda ni mimi). Juu yake kuna enzi za kibanda. Wa rika langu wanakumbuka: unampa jamaa kadi ya memori na pesa yake, anauliza, "Nikuwekee zipi, kaka?" nawe, ukiwa na haraka au unaona haya kutaja, unajibu, "Changanya changanya tu." Alichanganya kweli. Nusu ya Wajamaika wangu na karibu nyimbo zote za Kinaijeria zilitoka kwa yule bwana, na sikumbuki hata sura yake. Kuna flashi ya shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi Kisumu, ndiko lilikotoka benga. Kuna kaswida na kwaya zilizoingia kwa njia ya harusi na misiba, maana watu hurushiana. Na kuna simu ya mtumba niliyoinunua ikiwa na nyimbo za mtu ndani, nikazibakiza.

Kwa hiyo jibu la haki kwa jirani yangu lilikuwa: tunaishi sita, kwa uchache. Mama, muuza nyimbo, shemeji, majirani wa misibani, mwenye simu wa zamani, na mimi. Mashine inapochanga haiulizi nani alimleta nani. Tabaka la kibandani, lililoingia kwa mkupuo wa nyimbo mia tatu kwa siku moja, lina sauti kubwa kuliko wimbo mmoja nilioutafuta miaka miwili.

Halafu kuna suala la nini kinahesabiwa kuwa wimbo. Mashine haihesabu nyimbo, inahesabu mafaili, na hapo muziki wetu unapata shida ambazo waliotengeneza kitufe hawakuziwaza. Santuri ndogo za zamani zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na bendi zetu na za Kongo hazikuwa na mazoea ya kuuwahisha wimbo. Ikawa wimbo unagawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, masimulizi na ubeti, sehemu ya pili upande wa nyuma, magita yanaachiwa na watu wanacheza. Aliyehamisha santuri kwenda kompyuta alipata mafaili mawili. Kwa mashine, hizo ni nyimbo mbili zisizojuana. Uwezekano wa sehemu ya pili kufuata ya kwanza papo hapo katika lundo la 2,000 ni mmoja katika 2,000. Na kwa kuwa kila wimbo umekatwa vipande viwili, dansi la zamani linapata kura mbili pale ambapo muziki mwingine unapata moja.

Taarabu iko upande wa pili wa mizani. Kibao cha taarabu ya kisasa kuvuka dakika kumi si habari. Tuseme una nyimbo 90 za Bongo Fleva za dakika tatu na nusu, na kumi za taarabu za dakika 15. Kwa hesabu ya mafaili, taarabu ni asilimia 10. Kwa hesabu ya muda, ni dakika 150 kati ya 465, karibu theluthi moja. Jirani anayesikia kupitia ukutani hasikii mafaili, anasikia muda. Atakwambia wewe ni mtu wa taarabu, simu yako itasema wewe ni mtu wa Bongo Fleva, na wote wawili wamehesabu sawasawa. Nasikitikia zaidi bashraf, ile ala tupu ambayo vikundi vya taarabu asilia hufungulia nayo onyesho ili watu watulie na masikio yafunguke. Kuichanga katikati ya lundo ni kumkaribisha mgeni wakati anaaga.

Hata albamu za kisasa zina mpangilio wake. Mwaka 2021 mwimbaji Adele alipotoa albamu yake, Spotify iliacha kuweka kuchanganya kuwa chaguo la kwanza kwenye kurasa za albamu kwa wateja wanaolipia, kwa ombi lake. Nilimshangilia, ingawa sina albamu yake hata moja.

Lakini ninachokiona kizito zaidi katika lundo ni majina. Kanuni zile za kutawanya nyimbo za msanii mmoja zinategemea mashine ijue msanii ni nani, na inajua kwa kusoma lebo ndogo iliyobandikwa ndani ya faili. Mfumo wa lebo hizo, ID3, ulibuniwa mwaka 1996, na toleo lake la kwanza lilitenga herufi 30 kwa jina la wimbo na 30 kwa jina la msanii. Andika "Orchestra Mlimani Park Sikinde Ngoma ya Ukae" uhesabu: herufi ya 30, nafasi zikiwemo, inaishia hapohapo kwenye Sikinde. Ngoma ya Ukae imebaki mlangoni. Aina za muziki nazo zilipewa namba, 80 kwa kuanzia. Polka, ngoma ya Ulaya ya kati, imo. Taarabu haimo, dansi halimo, benga halimo. Aliyetaka kuzipanga za kwetu alikuwa na kapu moja la "muziki wa kikabila", atumbukize humo Siti binti Saad wa taarabu na D. O. Misiani wa benga pamoja.

Basi kwenye kadi yangu bendi moja ina majina manne. Ilianza 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuka JUWATA bendi ikawa JUWATA, kilipogeuka OTTU ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa shabiki ni Msondo tu, siku zote. Kwa mashine ni wasanii wanne, kwa hiyo inaweza kuzifuatanisha zote nne ikidhani imetawanya vizuri. Kinyume chake pia kipo. Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, aliimba NUTA, akahamia Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, akarejea Msondo. Mpenzi wa sauti ya Gurumo ana ladha moja inayopita katika lebo tatu nne, na hakuna kitufe kinachoiona. Kwetu wanamuziki walihama bendi kama wachezaji mpira, na mashabiki wengine walihama nao. Mashine imejifunza kupenda bendi. Sisi wengine tulipenda sauti, au mpiga solo, au namna ngoma fulani inavyoingia.

Kidole

Sasa unakuja wewe.

Ukishaondoa nasibu na historia ya lundo, kinachobaki ni kile unachokifanya wimbo unapotokea bila kuitwa. Unauacha. Unauruka. Unaurudisha mwanzo. Wakati mwingine unaacha kuosha vyombo ukasimama. Hapo ndipo pa kutazama, na thamani ya kuchanganya iko hapo tu: kunakuletea wimbo wakati ambao hukujiandaa. Wimbo uliouchagua mwenyewe umeshaupenda kabla haujaanza. Uliokuvizia unakupata ulivyo.

Msomi wa Kifaransa Pierre Bourdieu aliandika mwaka 1979 kwamba ladha ni namna ya kuonyesha tulipo katika jamii, na tunachokikataa kinasema mengi kuliko tunachokikubali. Miaka ya tisini Richard Peterson na Roger Kern waliona kwamba Wamarekani wa tabaka la juu wameacha kujivunia muziki mmoja wa kifahari na kuanza kujivunia kusikiliza kila kitu. Kwetu sentensi hiyo ipo pia: "Mimi nasikiliza muziki wowote, ilimradi mzuri." Nimeisema mara nyingi. Kidole changu kilinikanusha. Kikiachwa huru peke yake chumbani, kinaruka Wanaijeria saba kati ya kumi. Nikiwa na vijana wa ofisini garini kinawaacha wote. Na mkwe wangu akipanda, kinakuwa chepesi kama cha mpiga kinanda.

Kuruka nako kuna sababu nyingi, na kosa kubwa la anayejipima ni kuzifanya moja. Unaruka usichokipenda, ndiyo. Unaruka unachokipenda mno usije ukakichosha. Unaruka kwa sababu ya saa. Kaswida ikitokea katikati ya sherehe unairuka kwa heshima, na rumba likitokea Ramadhani mchana unaliruka kwa heshima hiyohiyo. Jumapili asubuhi kwaya inapita, Jumamosi usiku haipiti. Mashine inadhani saa zote ni sawa. Ladha haiko hivyo, ina kalenda na ina watu waliomo chumbani. Na kuna wimbo mmoja kwenye tabaka la mama ambao nauruka kila unapotokea, sijawahi kuusikiliza hadi mwisho tangu tulipotoka kumzika, na sijaufuta.

Yapo pia yanayopita bila kurukwa kwa sababu zisizo za ladha bali za mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kupenda hata maneno na alama wasizozielewa, kwa kukutanishwa nazo mara nyingi tu. Ukilijua hilo, fikiria nchi iliyokuwa na redio moja ya taifa. Hadi stesheni binafsi zilipoingia miaka ya 1990, Tanzania Bara nzima ilikutanishwa na nyimbo zilezile za maktaba ya Radio Tanzania Dar es Salaam, asubuhi hadi usiku. Tazama hata neno tunaloziitia: zilizopendwa. Halisemi zimependwa na nani. Mtoto aliyezaliwa juzi anaambiwa zilipendwa, naye anakua akizipenda.

Na kweli anazipenda. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwasikilizisha vijana wa kama miaka ishirini nyimbo maarufu za kuanzia 1955 hadi 2009. Walitarajiwa kuguswa na za ujana wao, na ziliwagusa. Lakini kumbukumbu zilipanda tena kwenye nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wao walipokuwa vijana. Muziki ulirithishwa sebuleni. Nilipousoma utafiti huo nilielewa kwa nini Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979 kabla sijazaliwa, ananifanya nikumbuke ukumbi ambao sijawahi kuuingia.

Ukitaka kujipima kwa namna inayoeleweka, changa mafaili yako mwenyewe na usikilize mia moja, lakini kwa vikao vitatu: alfajiri peke yako, mchana kazini, usiku na watu. Weka alama tatu tu: umeuacha, umeuruka, umeurudia. Usijivunie hesabu ndogo. Ukiruka 40 kati ya 100, ujue tabia yako halisi inaweza kuwa popote kati ya 30 na 50. Na ukimaliza, usizigawe kwa aina ya muziki kama simu inavyotaka. Zigawe kwa tabaka: nani aliuleta. Nilipofanya hivyo, lile benga la Kijaluo nisiloelewa hata neno halikurukwa hata mara moja katika vikao vyote. Tabaka la kibandani lilirukwa vibaya sana, isipokuwa nyimbo mbili ambazo nilikuja kugundua ndizo zilizokuwa zinapigwa kwenye daladala nililopanda kila siku nikienda kumchumbia mama Salma.

Sasa kuhusu ile sehemu ya pili iliyotangulia. Programu yangu ni ya kizamani, inachanga deki moja na kukumbuka ilipoishia hata simu ikizimwa. Kwa kuwa sehemu ya pili ilikuwa karata ya kwanza kabisa, sehemu ya kwanza inaweza kuwa popote kati ya zilizobaki, wastani nyimbo 1,000 mbele. Kwa saa mbili za kusikiliza kwa siku, ni kama siku 33. Leo ni ya 41. Ningeweza kuitafuta kwa jina nikaipata kwa dakika moja, ila nimegoma. Juzi jioni jirani alinisimamisha getini, mkononi ana ndoo. "Baba Salma, ule wa magita uliokuwa unaanzia katikati," akasema, "mwanzo wake umeshatoka?"

Nikamwambia bado.